Ndugu Wawili wa Amsterdam na Filamu Kumi

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu, Dar es Salaam, Jumamosi moja baada ya adhuhuri. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Marahaba, wanangu. Marahaba. Kaeni. Na nyie mliosimama mlangoni sogeeni ndani, viti vya mbele viko wazi.

Mwalimu wenu aliponipigia simu aliniomba nizungumzie uhariri wa picha, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikamwomba aniruhusu nianze na jambo jingine, uhariri utaingia wenyewe njiani. Nataka niwaambie habari za kampuni moja ya filamu iliyoko Amsterdam, Uholanzi, inayoitwa Graniet Film. Wenyewe ni ndugu wawili: Alex van Warmerdam, anayeandika na kuongoza, na Marc van Warmerdam, anayehangaikia fedha na kusimamia utayarishaji. Ndugu yao mwingine, Vincent, ni mtunzi wa muziki, na muziki wake umo katika nyingi ya filamu zao. Annet Malherbe, mke wa Alex, ni mwigizaji, na amekuwa akichagua waigizaji pia. Alex mwenyewe huingia mbele ya kamera. Majina yakianza kupanda mwisho wa filamu unaona ukoo mzima umeshika kazi, kama familia ya wavuvi ambayo huyu anashona nyavu na yule anaziba mtumbwi.

Nianze na nzi.

Mwaka 1986 Alex alitoa filamu yake ya kwanza, Abel. Hiyo aliifanya chini ya kampuni nyingine, lakini mkono ni wake. Abel ni mwanamume wa miaka thelathini na moja anayeishi kwa wazazi wake, na kwa miaka kumi hajakanyaga nje ya mlango. Kazi aliyojipa ni kuwinda nzi kwa mkasi. Anamvizia nzi anayeruka, anataka amkate vipande viwili hapo hapo angani. Alex ndiye aliyeicheza nafasi hiyo, na uso wake umetulia kama wa fundi saa. Hakuna mtu ndani ya filamu anayetuambia tushangae. Baba anakasirika, mama anatetea, chakula kinakuja mezani, mkasi unaendelea kufunguka na kufunga. Mimi mhariri najua tukio kama lile lilivyo gumu. Ukikata mapema, mtazamaji anacheka na kusahau. Ukiiacha picha ikae kidogo zaidi, kicheko kinamwishia, anaanza kujiuliza nani amemfungia nani ndani ya nyumba ile. Kidogo hicho cha zaidi ndicho nilichojia kuwaeleza leo. Kinatoka wapi? Nani ana uwezo wa kukiruhusu?

Mwaka 2013 nilikuwa Amsterdam kwa mafunzo mafupi. Jioni moja mwenzangu wa darasani akanipeleka Het Ketelhuis, jumba la sinema lililomo ndani ya eneo la kiwanda cha gesi cha zamani, linalojulikana kwa kuonyesha filamu za Kiholanzi. Ilikuwa inaonyeshwa filamu mpya ya kampuni hii, Borgman. Maandishi ya chini hayakuwepo, na Kiholanzi changu kilikuwa cha kusalimia na kununulia mkate. Mwenzangu akawa ananinong'oneza. Baada ya dakika ishirini nikamshika mkono, nikamwambia basi, niache nitazame.

Ilikuwa hivi. Mtu mwenye nywele na ndevu za miaka anaishi ndani ya shimo chini ya ardhi, msituni. Padri na wenzake wawili wanakuja na silaha kumfukua. Anakimbia, anatokea kwenye nyumba ya matajiri, anagonga mlango na kuomba kitu kimoja tu: kuoga. Mwenye nyumba anampiga. Mke wa mwenye nyumba, kwa huruma na kwa kitu kingine ambacho hata yeye hakijui, anamficha. Kuanzia hapo nyumba ile inaliwa kidogo kidogo kutoka ndani, kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Yanatokea mauaji. Na hapa kuna picha ambayo nimeibeba kichwani hadi leo. Vichwa vya maiti vimetumbukizwa kwenye ndoo za zege, zege likakauka. Kisha maiti wanatupwa ziwani. Kamera inakwenda chini ya maji, na unawaona wamesimama kichwa chini, ndoo zimetua sakafuni mwa ziwa, miguu juu, wakiyumba taratibu kama majani. Hakuna purukushani. Ni mchana na maji yametulia. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, kisha mama mmoja mzee nyuma yangu akacheka, akaziba mdomo.

Filamu hiyo mwaka ule iliingia katika shindano kuu la tamasha la Cannes, Ufaransa. Filamu ya Uholanzi ilikuwa haijaingia kwenye shindano lile tangu 1975. Miaka 38, wanangu. Nchi tajiri, yenye shule za filamu, yenye mfuko wa serikali, imekaa nje ya mlango ule miaka 38, na waliokuja kuufungua ni ndugu wawili wenye ofisi ya watu wachache. Baadaye kule Utrecht, kwenye tamasha lao la taifa, wakapewa Ndama wa Dhahabu kwa filamu bora ya mwaka.

Niliporudi hosteli nikaanza kuzitafuta nyingine. Zipo kumi tu. Kutoka 1986 hadi 2021, miaka thelathini na tano, filamu kumi, na ya kumi wakaiita kwa namba yake, Nr. 10. Nawaomba mlipime hilo vizuri, kwa sababu mimi niliyesimama hapa nimewahi kuhariri filamu nne ndani ya mwezi mmoja, nikilala kwenye kochi la studio huku feni ikizunguka. Silalamiki, kodi ililipwa na watoto walisoma. Lakini mkiniuliza leo majina ya zile filamu nne, nakumbuka mawili.

Ipo moja katika zile kumi ambayo nimebishana nayo sana moyoni, kwa sababu inatuhusu sisi. Ni De Noorderlingen ya mwaka 1992, nayo ni ya kabla hawajaanza kuzifanya filamu zao chini ya kampuni yao wenyewe. Mahali pake ni mtaa mmoja wa nyumba mpya, pembeni mwa msitu. Mji ulipangwa uwe mkubwa, ukaishia mtaa huo mmoja. Mchinja nyama ana njaa ya mwanamke, mke wake anagoma kula na anageuka kuwa kama mtakatifu, majirani wanakuja dirishani kumtazama. Mpeleka barua anakwenda msituni na birika, anazifungua barua za watu kwa mvuke na kuzisoma. Ni kiangazi cha mwaka 1960. Na mtoto wa mchinja nyama, Thomas, ametega sikio redioni, anasikiliza habari za Kongo. Anajipaka uso rangi nyeusi, anajiita Lumumba.

Kisha anafika mmisionari na maonyesho yake ya Afrika, na ndani ya maonyesho hayo yumo mtu mweusi, binadamu hai, amewekwa atazamwe.

Mara ya kwanza nilizima. Nilikuwa na hasira. Bibi yangu mzaa mama alikulia jirani na misheni, upande wa Morogoro, ambako mapadri wa Kiholanzi wa Shirika la Roho Mtakatifu walifanya kazi miaka mingi. Aliwapenda, alijua majina yao, aliwapelekea mayai. Sikuwahi kujiuliza mapadri wale walipokwenda likizo kwao waliwaelezaje watu wao habari za bibi yangu. Maonyesho ya namna ile ya wamisionari yalikuwepo kweli Uholanzi. Filamu ile ndiyo iliyoniuliza swali hilo kwa mara ya kwanza, na lilinichoma.

Baada ya wiki nikairudia. Safari hii nikaona mtu aliyefungiwa si yule mgeni peke yake. Mtaa wote ni tundu. Watu wazima wanamtazama mwanamume yule kama kioja, na wao wenyewe hawawezi kutoka kwenye mtaa wa nyumba chache. Anayetaka kutoka ni mtoto, na mlango pekee alioupata ni sauti ya redio inayotaja jina la mtu wa Stanleyville. Sijasema kwamba filamu ile imemtendea haki yule Mwafrika. Hana maneno mengi ya kusema mle ndani, na ningependa tungepewa nafasi ya kumsikia. Lakini mwongozaji hakuogopa kuonyesha ujinga wa mtaa wake mwenyewe, wala hakuweka mtu wa kutuomba radhi kwa niaba yake. Mwaka ule ule ikapata tuzo ya filamu changa ya Ulaya.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Ujasiri huu wanautoa wapi?

Watu husema ni kipaji. Kipaji kipo, sikatai. Alex alisomea uchoraji kwenye chuo cha Gerrit Rietveld pale Amsterdam, na bado anachora, ndiyo maana kila fremu yake imepangwa kama mtu aliyefikiria kiti kikae wapi. Lakini vipaji ninavijua, vimepita mikononi mwangu vingi, hapa hapa mjini, na vimekufa. Nikaanza kutazama kitu kingine, namna nyumba yao ilivyojengwa.

Kwanza, hawakuanza na filamu. Miaka ya sabini walikuwa kwenye kundi la tamthilia na muziki lililoitwa Hauser Orkater. Mwaka 1980 wakaanzisha kundi jingine, De Mexicaanse Hond, na baadaye wakawa ndani ya Orkater, ambayo Marc ameiongoza miaka mingi. Kwa hiyo walipofika kwenye filamu walikuwa wameshagombana, wameshapatana, wameshapakia jukwaa kwenye lori usiku wa manane na kulipakua asubuhi mji mwingine. Wanajuana. Mwongozaji akisema nataka mwigizaji huyu acheze mbwa, hakuna anayemwuliza kama anaumwa. Na ndivyo ilivyokuwa, kwenye De laatste dagen van Emma Blank ya 2009. Mwanamke mgonjwa kwenye nyumba ya matuta ya pwani anawaendesha watumishi wake, na kumbe wale ni jamaa zake wanaosubiri urithi, na mmoja wao cheo chake ndani ya nyumba ni mbwa. Analala chini, anarushiwa fimbo. Aliyeicheza nafasi ya mbwa ni Alex mwenyewe, mwenye kampuni.

Nyingine nitazipitia kwa kasi. De jurk ya 1996 inafuata gauni moja likipita kwa wanawake tofauti, na kila linakopita linaacha balaa. Kwenye Ober ya 2006 mhudumu wa mgahawa amechoka na maisha aliyoandikiwa, anamwendea mwandishi wake nyumbani kulalamika. Schneider vs. Bax ya 2015 ni wauaji wawili wa kukodiwa kwenye matete, mmoja amepigiwa simu ya kazi asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa. Mkibahatika kuziona, zioneni.

Pili, fedha. Hapa msinielewe vibaya mkadhani ndugu hawa walivunja kibubu wakanunua kamera. Uholanzi ina mfuko wa filamu wa taifa ulioundwa 1993 na unapata fedha kutoka serikalini. Televisheni za umma nazo huchangia filamu. Na kwa Borgman waliungana na watu wa Ubelgiji na Denmark. Jan Bijvoet aliyecheza Borgman ni Mbelgiji, anatoka upande wanaosema Kiholanzi. Lugha yao inavuka mpaka, wanaitumia. Kiholanzi kina wasemaji kama milioni ishirini na tano hivi, Uholanzi na Ubelgiji pamoja. Kiswahili, UNESCO wanasema wasemaji zaidi ya milioni 200. Mtu wa Lubumbashi, wa Mombasa na wa Mtwara wanaweza kukaa kwenye meza moja ya mswada wakaelewana kabla chai haijapoa. Mimi hili linaniuma, kwa sababu ninaweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja filamu nilizohariri zilizokuwa na mtu wa nchi mbili za Kiswahili.

Lakini fedha ya umma peke yake haileti ndoo za zege. Kampuni nyingi za Uholanzi zinapata fedha hizo hizo na zinatengeneza filamu za kawaida kabisa. Kwa hiyo bado kuna kitu cha tatu, na kukieleza lazima niwape habari yangu.

Mwaka 2006 nilitengeneza filamu yangu mwenyewe. Niliiandika, nikaiongoza, nikaihariri. Ilimhusu mwanamke anayefua nguo za watu Magomeni, ambaye siku moja anakuta barua kwenye mfuko wa suruali, na badala ya kuirudisha anaanza kuijibu. Tulipiga picha kwa kanda za mini-DV, siku kumi na moja, dada yangu akipika. Ilikuwa ya dakika tisini na ilikwisha kwa kimya: mwanamke anaanika shati jeupe, anasimama nyuma yake, jua linapenya, tunaona kivuli chake kwenye kitambaa. Picha hiyo niliiacha sekunde arobaini.

Nikaenda Kariakoo kwa msambazaji mmoja. Jina lake sitalitaja. Akaitazama akirukaruka mbele kwa rimoti. Akasema itauzika, ila lazima iwe mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ili mteja anunue mara mbili. Na mwisho ule wa shati utoke, uwekwe wimbo. Akanipa milioni tatu, nikasaini karatasi moja, nikamwachia masta, yaani nakala mama ya filamu, na kanda zote. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano na deni la kukodi kamera. Wala sikuona nimefanya kosa, kila mtu alikuwa akifanya hivyo.

Filamu ikatoka na kava la mwanamke mwingine kabisa, mrembo, ambaye hayumo ndani. Shati likawa sekunde sita, na wimbo juu yake.

Mwaka 2011 nikarudi kwa yule bwana, nina nafasi kidogo, nikamwomba kanda zangu niikate upya kwa gharama yangu. Karatasi ikatolewa kwenye faili. Imeandikwa wazi kwamba nimeuza kila kitu, moja kwa moja. Na kanda zenyewe, akaniambia kijana wake, zilishafutwa zikarekodiwa harusi. Nikashuka ngazi zile nikiwa sisikii miguu.

Sasa sikilizeni habari ya Grimm. Mwaka 2003 ndugu hawa walitoa filamu ya jina hilo kupitia kampuni yao. Inaanza kama ngano: kaka na dada wanaachwa msituni na wazazi wao wakati wa baridi, kisha safari inawafikisha hadi Hispania. Haikupokewa kama nyingine. Kwa kampuni nyingi hadithi ingeishia hapo, filamu inaingia kabatini na mwongozaji anazungumza na wanasheria. Lakini Alex aliirudia akaikata upya, na mwaka 2019 ikatoka mara ya pili katika umbo hilo jipya. Miaka kumi na sita baadaye!

Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa kwenye daladala, Ubungo, foleni haisogei, na nililia, wanangu, abiria wakadhani nimefiwa. Mtu anarudi kwenye picha zake mwenyewe baada ya miaka kumi na sita, anazikuta zipo, anakaa kwenye mashine, anasema hapa nilikosea. Mimi nilizikuta zimekuwa harusi ya watu.

Hicho ndicho kitu cha tatu. Anayejua kwamba picha haitamtoka mkononi anaweza kuiacha ikae. Anajua hakuna mtu wa rimoti atakayekuja kuikata. Na akikosea, kosa ni lake, anaweza kulirudia. Ukimwondolea hilo, hata awe na kipaji cha namna gani, ataanza kukata mapema mwenyewe kabla hajaambiwa. Mimi nilianza. Baada ya ile filamu ya shati, kwa miaka sita sikuacha picha yoyote ipite sekunde tano, na hakuna aliyeniagiza.

Kuna kijana ananyoosha mkono, nimekuona baba, nitakupa nafasi. Unataka kuuliza hawa Waholanzi wanatuhusu nini kwa leo. Nikujibu kwa mifano miwili.

Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes. Miongoni mwa watayarishaji wenza ilikuwamo kampuni ya Uholanzi, Rinkel Film. Nyumbani bodi ya filamu iliipiga marufuku, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaiondolea marufuku kwa siku saba. Watu walipanga foleni Nairobi. Mtu anaweza kukubaliana na hadithi ile au asikubaliane, hilo tutabishana siku nyingine, lakini Mkenya aliipata nafasi ya kuitazama kwa macho yake, na aliipata kwa sababu filamu ilikuwa imeshakamilika na ipo.

Mwaka 2023 Augure ya Baloji ikapata tuzo ya sauti mpya pale pale Cannes, katika kundi la Un Certain Regard. Baloji alizaliwa Lubumbashi akakulia Ubelgiji, na jina lake Mswahili yeyote akilisikia atalisogeza karibu na neno walozi. Filamu yenyewe inahusu watu wanaoitwa wachawi na jamaa zao. Mle ndani wanasema Kifaransa, wanasema Kilingala, na wanasema Kiswahili. Miongoni mwa waliounganisha fedha ilikuwamo kampuni nyingine ya Amsterdam, New Amsterdam Film Company.

Kwa hiyo wapo. Na kule Rotterdam kuna mfuko wenye jina la Hubert Bals, mwanzilishi wa tamasha la mji ule, unaosaidia waongozaji wa nchi kama zetu. Tamasha hilo lilianza 1972, na usiku wa kwanza walikuja watazamaji kumi na saba. Nyie humu mko wangapi? Naona mmezidi.

Mkienda kwao, nawaomba mfike na karatasi zenu. Mfike mkiwa mnajua nani ana haki ya nini. Mzalishaji mwenza anayeleta sehemu ya fedha anapewa sehemu, si kila kitu, na sehemu hiyo inaandikwa kwa tarakimu. Masta mnaihifadhi mahali pawili. Mwanafunzi wangu mmoja anaweka diski moja kwake Sinza na nyingine kwa shangazi yake Iringa, ndani ya kabati la vyombo, na mimi namheshimu sana kwa hilo. Filamu ya kwanza mnaweza kuifanya watano. Chagueni hao watano kama mnachagua wakwe.

Muda umekwenda na mwalimu ananitazama. Nimekuja na DVD niliyoinunua Amsterdam, Kleine Teun ya 1998, yao wenyewe. Tutaangalia dakika kumi za mwanzo, kisha tutazungumza mikato, mmoja mmoja. Brand ni mkulima asiyejua kusoma. Filamu za kigeni kwenye televisheni ya Uholanzi hazitiwi sauti ya Kiholanzi, zinawekwa maandishi chini, kwa hiyo kila jioni mke wake, Keet, amekaa pembeni yake akimsomea kwa sauti kila neno linalopita. Amechoka. Nyie mliokulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, mliomsikiliza Lufufu, mfasiri wa filamu, akimsemea Mhindi na Mchina, mtamwelewa Keet kuliko Mfaransa yeyote aliyeiona filamu hii Cannes. Basi mke anamtafutia mume mwalimu wa kumfundisha kusoma, mwalimu mwenyewe ni mwanamke kijana, na mengine mtayaona.

Maandishi ya chini kwenye nakala yangu ni ya Kiingereza, yanapita haraka. Mwanangu pale nyuma, zima taa. Nitakaa hapa mbele niwasomee kwa Kiswahili.